Mkanda mweupe wa Kapiteni

Jumatatu, jioni. Joto la kungojea mvua. Mawingu yamejaa lakini hata tone halijaanguka, na vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye sukari. Nina aibu. Naandika hapa kwa sababu nyumbani sina pa kuuficha uso.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: nina farasi mmoja, jina lake Kapiteni, na ninamkodisha kwa harusi. Bwana harusi anapanda, anapigwa picha, wamama wanapiga vigelegele, tunarudi nyumbani. Tandiko lake ni lile la wachunga ng'ombe wa Amerika, lenye pembe mbele. Nililipenda kwa sababu bwana harusi asiyejua kupanda anapata cha kushika.

Tandiko hilo linashikwa na mkanda unaopita chini ya tumbo. Hapa tunauita sangle. Ule wa zamani ulikuwa wa kamba nyingi laini za manyoya ya mbuzi, mpana, unaopitisha hewa. Lakini vumbi letu liliugeuza rangi ya tofali, na kwenye picha ulionekana kama kitu cha kuokota. Nikanunua mwingine: mweupe, wa mpira, wenye pete za chuma zinazong'aa. Ulikuwa mfupi kidogo. Niliona kwamba ni mfupi. Nikajiambia utavutika.

Sikufikiria tumbo la Kapiteni. Nilifikiria picha.

Tangu hapo, kila nikimkaribia na mkanda huo anavuta pumzi na kujaza tumbo. Farasi wengi wanafanya hivyo, nami niliuita ujanja. Nilikuwa nangoja achoke, atoe hewa, halafu navuta tena. Akigeuza kichwa kutaka kuniuma, nampiga kofi la shingo na kuwaambia wenye harusi: "Musiogope, eko na kiburi tu." Walikuwa wanacheka. Nami nilikuwa nacheka nao.

Jumamosi iliyopita bwana harusi alikuwa mtu wa mwili, tandiko likaanza kuteleza. Nikakaza zaidi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimebanwa: chini ya pagne, kitenge changu cha sherehe, nilivaa gaine, ile nguo ya kubana tumbo, maana tangu mtoto wa pili tumbo langu limekataa kurudi. Harusi nzima nilipumua nusu nusu. Tulipofika nyumbani nilimfunga Kapiteni kwenye nguzo uani, nikakimbilia chumbani, nikavua gaine, nikajikuna kote, nikalala chali mbele ya vantilateri. Nikamwambia Mama, ambaye anakaa nami, kwamba leo nimeponea chupuchupu.

Mama alikuwa anatazama nje dirishani.

"Weye ulishavula ya yako," alisema. "Ya ule farasi, nani atamuvula?"

Nilitoka bila viatu.

Nilipoufungua mkanda, mpira ulikuwa umeshikamana na ngozi kwa jasho. Nyuma ya viwiko vya miguu ya mbele, pale zile pete zilipokaa kwa sababu mkanda ni mfupi, manyoya yalikuwa yameisha na nyama iko nje, mbichi. Pembeni kulikuwa na kigaga cha kidonda cha zamani zaidi. Kwa hiyo haikuwa Jumamosi tu. Harusi baada ya harusi alikuwa ananiambia, nami namjibu kwa kofi.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Msemo huo niliusoma shuleni, nikidhani unawahusu watu wabaya.

Sasa Jumamosi hii anaoa mdogo wangu Dido, kule mtaani Kamalondo. Nilimwahidi kwamba atampanda Kapiteni, tangu siku ya mahari. Jana niliutoa ule mkanda wa zamani kwenye gunia, nikaufua mpaka maji yakatoka safi, nikaupima tumboni mwake bila kuugusisha. Urefu wake ni sawa kabisa. Lakini utapita palepale kwenye vidonda.

Basi leo asubuhi nilimpigia Dido simu. Nikamwambia Kapiteni ana homa.

Homa! Hata kidonda nilichokifanya kwa mikono yangu nilikitafutia cha kusingizia.

"Pole yake, Yaya," Dido akasema; ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa. "Kartye yote, mtaa muzima, iko nangojea, lakini acha apone kwanza. Nitamuombea."

Angenigombeza ingekuwa afadhali. Mdogo wangu amwombee farasi wangu kwa homa isiyokuwapo! Sikuweza kula mchana. Saa tisa nilimpigia tena nikamweleza yote: mkanda, picha, makofi, gaine, na ile homa ya uongo.

"Basi tutaingia na miguu, Yaya," akasema. "Na weye pia."

Nilistahili. Nilivuta pumzi, nikaenda kumpaka Kapiteni dawa.

Sikuwa na tandiko. Sikuwa na mkanda wowote, mkononi nilishika kikopo cha dawa tu. Nilipoweka kiganja ubavuni mwake, alijaza tumbo, akakaza shingo, akasimama hivyo, anangoja nivute.

Nikaweka kikopo chini. Nikasimama pale na mikono mitupu, kimya, mpaka akaitoa ile pumzi. Ilichukua muda mrefu.

Kesho nitakwenda tena, mikono mitupu vilevile.