Viatu Kabla ya Uso

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Buhare hatujambo, na mama yako mdogo amejifungua salama. Umeniuliza filamu yako ya kutisha ianzeje.

Video zilipoanza kuingia Musoma, nilienda kuangalia moja na shangazi yangu, muuza dagaa wa Bukima aliyekuwa haogopagi hata mamba. Dada mmoja alikuwa anapika. Mara tukaoneshwa viatu tu, vikipanda ngazi polepole. Muziki ukanyamaza, ikabaki ko, ko, ko. Shangazi akaruka: “Dada, funga mlango!” Ukumbi mzima ukadakia: “Funga!”

Umeme ukakatika kabla hatujamwona mtu mwenyewe. Njiani shangazi akanieleza sura yake, mpaka kovu la shavuni.

Kwa hiyo usiharakishe kuonyesha uso. Utaweza, nakufahamu.

Bibi yako