Mbwa Wetu Anakijua Kisiwa Ambacho Mume Wangu Anasema Hajawahi Kukikanyaga

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako maana kichwa kimenijaa na humu botini hakuna hata chumba cha kujifungia nikalia. Mimi na mume wangu tuliuza vyombo vya nyumbani tukanunua boti ya matanga, huu mwaka wa pili tunazunguka visiwani, yeye anatengeneza injini za watu na mimi nashona matanga yaliyochanika, na tuko na mbwa wetu Kapteni. Wiki iliyopita tenki la maji lilivuja, ikabidi tutie nanga kwenye kisiwa ambacho mume wangu siku zote anakikwepa, mara mawimbi, mara miamba, na akaniapia hajawahi kukikanyaga. Akiwa amekwenda kutafuta fundi, akaja bwana mifugo kukagua mbwa, akafungua kitabu cha chanjo akatabasamu, akasema, "Huyu tunamfahamu, nilimchanja mwenyewe mwaka jana." Nikaangalia tarehe ya muhuri, ni wiki ile niliyokwenda kwa dada yangu aliyejifungua, na mume wangu aliniambia yuko bandari nyingine anapaka boti rangi. Kesho yake nikamtoa Kapteni matembezi, akanivuta kamba mpaka kiganja kikachubuka, tukapita soko, tukapita karakana ya seremala, akaingia ua wa nyumba moja akajilaza mlangoni kama kwake. Akatoka mama wa miaka sitini hivi, akamwita mbwa kwa jina, akaniangalia juu mpaka chini, kisha akauliza polepole, "Kifua chake kimepona?" Mbwa wetu hana shida ya kifua, mwenye pumu ni mume wangu. Nilimvuta Kapteni kamba nikaondoka mbio. Nilipomsimulia mbwa alivyojilaza mlangoni pale, mume wangu alisema mbwa huzoea kila mtu, na sasa amekazana tenki likizibwa tu tung'oe nanga. Wazazi wake aliniambia walifariki zamani, kwa hiyo huyo si ndugu, nahisi mama yule ana binti humo ndani. Nimeanza kumpekua mifuko, hata mashati nanusa. Nifanye nini?

Mshona Matanga

Dada Mshona Matanga,

Pole sana. Kuishi na mashaka mahali ambapo mkigeuka mnagongana viwiko ni mateso. Lakini hayo ya kunusa mashati yaache leo. Mtu alikuuliza swali uso kwa uso, ukamkimbia, halafu majibu unayatafuta mifukoni?

Mumeo amekudanganya, hilo halina mjadala, na simtetei. Ila amekudanganya nini, hujui. Mama anayemficha binti haulizi habari za kifua cha mwanamume mbele ya mwanamke asiyemjua. Anayeuliza hivyo ni aliyewahi kumuuguza. Unasema wazazi walifariki. Uliwahi kuonyeshwa kaburi?

Rudi kwenye nyumba ile kesho asubuhi, peke yako. Chukua pasi yako ya kusafiria na mashine yako ya kushonea, viwe mkononi mwako. Mwamkie, mwambie wewe ni mke, muulize huyu mwanamume ni nani kwake. Ukishasikia, mwite mumeo aje aeleze hapo hapo, nchi kavu, mbele ya mama huyo. Akikataa, boti iondoke bila wewe; meli za abiria zipo.

Na usiende kama askari. Huenda mama huyo naye, miaka yote hii, ameambiwa mke hakuna.