Tata, Una Kaburi la Pili Ujerumani

Tata,

Nimefika. Nakuandikia nikiwa hapa kwako Kiuu, kwenye chumba cha mbele, mashine yako ya kufuma sweta ikiwa kando yangu imefunikwa leso. Njoki ameenda dukani kununua maziwa, kwa hivyo nyumba imetulia na nimepata nafasi ya kuzungumza nawe. Ungekuwepo ungeshaniuliza mbona nimekonda, na kabla sijajibu ungeshanipakulia chakula.

Najua ungenicheka. Nani huyu anamwandikia barua mtu aliyekwisha kwenda? Lakini nina neno la kukuomba, kuna mengi sijakueleza, na simu yako haipokelewi tena.

Neno lenyewe ni hili. Njoki amenitafutia kazi katika zahanati moja huko Thika. Mafunzo yangu ya kuwatunza wazee nimeyamaliza, cheti ninacho, na ukoo mzima umeshaamua kwamba Ujerumani nimekaa vya kutosha. Wanataka jibu kabla ya Jumapili. Njoki huyu binti yako, na wewe unamjua, hagombani na mtu. Anakutazama tu kwa macho kama yako hadi unaona haya. Nami moyo unavutwa huku na kule. Ndiyo maana nimekuja kwako, kama nilivyokuja kwako siku zote tangu mama aliponiacha mdogo nawe, dada yake, ukanichukua, ukaniita maitu kwa sababu nilipewa jina la mama yako. Mtoto wa dada yako, na bado ukawa unaniita mama. Hilo sijawahi kukushukuru sawasawa.

Kiuu imebadilika. Ploti ya jirani imepandishwa ghorofa, na jua la asubuhi halifiki tena dirishani kwako. Wateja wa sweta za shule bado wanabisha hodi shule zikikaribia kufunguliwa. Wengine wakiambiwa umekwenda, hukaa kidogo pale mlangoni wakikusifu, halafu Njoki huwaelekeza kwa fundi mwingine.

Mimi pia wananiona nimebadilika, na wananicheka bila huruma. Mjomba alitualika chakula cha mchana saa saba. Mimi saa saba kamili niko mlangoni, nimeshika keki, na mwenyeji wangu ndiyo kwanza anaingia bafuni. Mkewe alinitazama akasema, "Haiya, Wangari, kwani kuna nini?" Alidhani nimeleta habari mbaya.

Wewe ungecheka hadi ukae chini. Ulikuwa ukicheka hivyo kwenye simu, enzi zile nilipokuwa mgeni kule. Unakumbuka siku nilipokwenda kwa daktari? Niliingia chumba cha kungojea, nikakuta watu wamekaa kimya. Nikafanya ulivyonifundisha: nikaanzia kona moja, nikampa kila mmoja mkono, nikamuuliza habari za nyumbani. Mzee mmoja alinionyesha goti lake akidhani mimi ndiye daktari. Kumbe kule unasema salamu moja kwa chumba kizima, unakaa, basi. Na ile Jumapili nilipokuwa naponda viazi na mahindi ya mukimo, jirani wa chini akapanda kuja kunikanya kwamba Jumapili hakupigwi kelele, hata za sufuria! Ukaniambia, "Hao wanaheshimu Jumapili kuliko sisi wa kwenda kanisa, maitu. Ponda polepole." Na nilipokueleza kwamba kule mtu akitimiza mwaka hupika keki yake mwenyewe akawalisha wenzake, ukaniuliza, "Sasa wewe ndio umezaliwa na bado wewe ndio unapika?"

Huyo jirani wa mukimo anaitwa Frau Krämer, yaani Mama Krämer. Mjane, hana mtoto, mwembamba, mgongo umenyooka utadhani amemeza mwiko. Ni yeye aliyenifundisha habari za kibao. Katika jengo letu kuna kibao kidogo cha mbao kinachotundikwa kwenye mlango wako wiki yako inapofika. Ukikiona, ngazi ni zako, fagia, piga deki, kisha kitundike kwa jirani anayefuata. Mara ya kwanza nilipokikuta mlangoni nilikupigia nikilalamika kwamba wazungu wamenipa kazi. Ukasema, "Si wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Hiyo ndio jembe yako. Sasa wewe ni wa hapo." Tangu hapo nikazisugua ngazi zile kwa furaha.

Halafu ukaenda, Tata. Presha ikakuchukua asubuhi, kabla ya chai.

Wewe ulikuwa umeshaniagiza mapema, kwa mzaha wako ule: nisikatize masomo kuja kukuzika, mtu huzikwa na waliopo. Hata ningetaka, kibali changu cha kuishi kule kilikuwa kinabadilishwa. Ningetoka nisingeruhusiwa kurudi. Nilimweleza Frau Krämer kwenye masanduku ya barua pale chini kwamba mama yangu amefariki. Sikusema ni dada wa mama. Alinishika kiwiko, akasema pole, akaenda zake.

Nami nikafanya kinachofanywa. Nilipanga viti vyote nilivyokuwa navyo. Nilipika chai kwenye sufuria yangu kubwa, maziwa mengi, ulivyoipenda. Nikaegemeza kiatu kwenye mlango ubaki wazi, nikakaa nikiwangoja watu. Huku kwetu mtu akifiwa hata adui huja. Wataimba, wataomba, watakunywa chai, watakusumbua hadi usahau kulia. Basi nikangoja. Nikasikia watu wakipanda ngazi, wakipunguza hatua wakifika kwangu, wakipita. Sikuweza kujizuia, nikaanza kulia pale kwenye kiti. Kisha mkono ukaingia, ukakisogeza kiatu changu taratibu, na mlango ukafungwa.

Tata, sijawahi kuumia namna ile. Nilifiwa, na wakanifungia mlango.

Wiki ile ilikuwa zamu yangu. Nikakingoja kibao, hakikuja. Ngazi zilifagiliwa na mtu mwingine. Nikasema basi, wamenitoa hata katika kufagia, si mgeni tena wala si mwenyeji, mimi ni kitu kisichohesabika. Nikaanza kupanga nguo kwenye sanduku. Niliapa nitarudi nyumbani kibali kiwepo kisiwepo, mafunzo yaishie hapo, nikawa nakusikia ukisema usikatize nami nikikujibu kwamba hukuona ule mlango.

Lakini unanijua, siwezi kuondoka bila kusema. Nilishuka kwa Frau Krämer, sikualikwa, sikupiga simu, nikagonga kwa ngumi. Kijerumani changu kilikuwa kibovu na hasira ikakivunja zaidi. Nikamuuliza kibao changu kiko wapi. Nikamuuliza ni nani aliyeufunga mlango wangu.

Akasema ni yeye. Yote mawili ni yeye. Alinieleza polepole ili nielewe: aliyefiwa hafagii ngazi, kwa hiyo alifagia wiki yake na yangu. Na mlango aliufunga kwa sababu aliniona nikilia, akaogopa watu wataniona. "Mtu akilia," alisema, "anaachiwa nafasi yake." Kila siku alikuwa akisimama chini ya ngazi akisikiliza kama nimekula, kama nimeoga, akiona vibaya kuja bila kuitwa.

Nilikaa chini pale pale mlangoni kwake. Nilimwambia kwamba kwetu kilio si cha mtu mmoja, kwamba niliuacha mlango wazi makusudi, kwamba ile chai ilikuwa yao. Mwanamke yule alibadilika rangi. Hakusema samahani. Alivua aproni yake, akaikunja vizuri, akapanda ngazi mbele yangu hadi kwangu, akavuta kiti kimojawapo akaketi. Nilimpikia chai ya maziwa. Alikunywa kikombe kizima, yeye asiyetia maziwa wala sukari, akakaa nami mpaka nilipomaliza kulia. Ndipo akaniuliza wewe ulikuwa nani.

Nilimsimulia mpaka giza likaingia. Sweta zako, presha yako, ubishi wako. Aliposikia sitaona kaburi lako kwa muda mrefu, alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia jambo lisilowezekana.

Unajua kaburi kule ni shamba. Si kama sisi, tunazika, tunapanda msalaba, na ukionekana unakwenda kwenda pale watu wanaanza kunong'ona. Wao hupanda maua, hupalilia, humwagilia. Kila msimu na maua yake, na jirani akiacha lake limee magugu anasemwa kuliko mlevi. Frau Krämer humwendea mumewe kila Jumamosi, na Jumamosi iliyofuata alinigongea akiwa na makopo mawili ya kumwagilia. Kaburi lenyewe ni la watu wawili. Upande wa kushoto amelala mumewe. Upande wa kulia ni mtupu, ni wake, jina lake limeshachongwa kwenye jiwe, imebaki tu tarehe.

Aliuelekezea ule upande mtupu kopo langu. "Huu ni wangu," akasema, "na bado siuhitaji. Muweke mama yako hapa kwa sasa."

Basi hapo ndipo nilipokuzika, Tata. Kila Jumamosi nilikwenda kukupalilia. Nilikuambia mitihani yangu nikiwa nimechuchumaa, kwa Kiswahili na Gikuyu, naye upande wa pili akimnong'oneza mumewe mambo yake, na hakuna aliyemwingilia mwenzake. Sanduku langu nililifungua, nguo zikarudi kabatini. Nilimaliza mafunzo. Kibao kilirudi mlangoni kwangu. Na ulipotimia mwaka tangu uende, nilimwalika kila mtu wa jengo lile, nikataja siku na saa, kwa kuwa nimejua sasa kwamba hawana roho mbaya, hawaingii pasipo kuitwa. Walikuja wote kwa saa ile ile, kila mmoja na keki yake, wakavua viatu mlangoni. Ngai! Tulikula keki mpaka zikatushinda. Frau Krämer alikaa karibu na picha yako kama mfiwa.

Jana nilikwenda kwako kwenyewe, pale Witeithie, kipande chako cha nyuma ya nyumba ya Mjomba. Nilinunua miche ya maua kwa wale wa kando ya barabara Ruiru, nikabeba jembe na jerikeni la maji. Njoki alisimama mbali, mikono kiunoni. "Wee Wangari! Kaburi ni ya kumwagiwa maji kama sukuma wiki? Majirani watasema nini?" Sikujibu, nikaendelea kulima. Baada ya muda nikaona kivuli chake, kisha magoti yake kwenye udongo karibu na yangu. Akashika mche, akaupanda. Bila kumwuliza, akaanza kunieleza mazishi yako: jinsi mvua ilivyotisha ikakosa kunyesha, nani alilia mpaka akashikwa, nani alitupa udongo wa kwanza. Alinipa yote. Na aliponiuliza maua yanataka maji mara ngapi, nilijua utatunzwa.

Sasa neno langu. Frau Krämer amezeeka. Magoti yamemkataa, siku hizi makopo yote mawili nayabeba mimi. Hana mtu, Tata. Nilipokuwa nafunga safari alinisaidia kukunja nguo, hakuniuliza kama nitarudi, kwa sababu wao hawaulizi. Lakini aliniletea kibao mkononi, wakati zamu haikuwa yangu, akasema wiki nitakayorudi ngazi zitakuwa zangu.

Wewe ulinichukua nikiwa mtoto wa mwenzako na hukungoja mtu akuombe. Najua utaniruhusu nirudi kwake. Njoki akirudi na maziwa nitamwambia ile kazi ya Thika wampe mwingine, na nitamwambia nikiwa nimemshika mikono yote miwili.

Asante kwa yote, maitu wangu. Asante kwa kunifundisha kuacha mlango wazi, maana nisingeuacha nisingefungiwa, na nisingefungiwa nisingeshuka kugonga. Pumzika, usikae ukitusumbukia.

Na hili nakuahidi. Siku Frau Krämer atakapouhitaji upande wake, nitayang'oa maua yako kwa mikono yangu, nimwachie nafasi yake. Watakuja wachache, wenye makoti meusi, watasimama kimya kama wanavyojua. Mimi nitalia kwa sauti, kama tunavyolia sisi, mpaka wajue kwamba aliyezikwa pale alikuwa na mtoto.

Ni mimi wako,
Wangari