Jua Juu ya Karatasi

Roza, uko hapo? Nimejifungia stoo ya maabara, nalia.

Leo nilikuwa nawaonyesha wanafunzi jua kwa darubini. Hakuna anayechungulia ndani. Mwanga unapita, unaangukia kwenye karatasi nyeupe, na jua unaliona pale huku umeligeuzia mgongo.

Baba alikuwepo. Amekuja kutoka Rujewa kwa ajili ya kliniki ya macho, nikamkalisha benchi la nyuma.

Akauliza taratibu, "Nyamizi, kumbe linaangaliwa hivyo? Karatasi tu?"

Karatasi tu, Roza.

Sijawahi kukwambia hili. 2016, jua lilipopatwa kule kwetu, ni mimi niliyemwambia, "Baba, angalia tu, limefunikwa, haliwezi kukuchoma." Nilikuwa Form Two, najiona mjuaji. Mimi nilitazama mara moja nikainamisha kichwa. Yeye aliendelea kutazama, kwa sababu mwanae msomi kasema. Tangu siku ile hajaona uso wa mtu vizuri. Katikati anaona doa jeusi.

Sasa leo binti mmoja akamwuliza, "Babu, macho yako yalipatwa na nini?"



Baba akasema, "Ubishi wangu. Huyu mwalimu wenu alinikataza, mimi sikumsikia."

Alinikataza. Roza, amesema nilimkataza.

Darasa zima likanipigia makofi. Na baba naye akapiga, uso kaugeuzia upande ambao siko.

Na mimi nikayapokea, nimeshikilia karatasi yangu yenye jua.