Jina Lililofurika

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, na shikamoo juu yake. Miguu yako inaendeleaje na baridi ya Kilolo? Mimi hapa Rujewa ni mzima, ila juma hili nimetoka jasho jembamba.

Lango la mfereji wetu hufunguliwa na kufungwa na kompyuta ninayoitunza mimi. Jumatatu programu ilikufa lango likiwa wazi, maji yakazoa vitalu vya mpunga. Kabla sijagusa mashine watu walishampata mkosaji: Masunga, mlinzi wa lango, kwa kuwa kwao ni wafugaji waliohamia kutoka kaskazini. "Kawafungulia maji ng'ombe wa nduguze!" Walimfuata na fimbo hadi mlangoni kwake, wakamnyang'anya funguo za lango, wakasema Ijumaa kikao kitamfukuza. Niliogopa, Mama.

Aliyeandika programu hayupo tena, na maandishi yake sina. Ninayo programu iliyokwisha kugeuzwa kuwa namba tupu. Basi nikafuata nyayo. Kipande cha programu kikiitwa kazini hupewa nafasi yake, tunaiita fremu, juu ya kile kilichokiita, kama sahani juu ya sahani. Humo huhifadhi alama ya pale inapoanzia fremu ya mwenzake, na mahali pa kurudi kikimaliza. Ukizifuata alama, unajua nani kamwita nani. Nilipofika kwenye kipande kinachosoma majina ya mashamba, alama ikanielekeza pasipo na kitu. Nikazigeuza namba zake kuwa herufi. Nikasoma: "mu Sanga".

Nikafungua orodha ya mashamba. Kila jina lilitengewa nafasi ya herufi kumi na sita tu, na "Shamba la Sanga" lilienea vizuri. Mzee Sanga alipofariki, katibu wa kikao, Jumatatu hiyo, kwa heshima akaandika "Shamba la Marehemu Sanga". Jina likafurika juu ya alama, programu ikakosa njia ya kurudi.

Kikaoni niliandika jina refu, programu ikafa. Nikarudisha fupi, lango likajifunga.

"Kwa hiyo marehemu ndiye kavunja lango?" akafoka mzee mmoja.

Mjane wa Sanga akasimama. "Acheni aibu. Mrudishieni mtu funguo zake."

Masunga hakuzipokea. "Umenisafisha, dada, asante. Ila walionijia na fimbo ni majirani zangu. Nitalalaje hapa?"

Nisalimie kaka fundi cherehani, na shangazi wa kwaya, mwambie sauti yake naikosa.

Aliyekukabidhi barua hii, Mama, ndiye Masunga, na huyo aliye naye ni mkewe. Wapikie, wape chumba changu. Usiwaulize wataondoka lini.

Mwanao,
Upendo