Zebaki Isiyokuwepo

Jumapili. Migori imeamka na mawingu mazito, na mimi nimeamka na sauti.

Ni sauti ndogo, kama ya mtu anayepasua mbegu ya boga kwa meno. Niliisikia jana nikiwa jikoni nakaanga omena. Nilipotoka, nilimkuta Ouma, mwanamume ambaye watu wake wanatarajiwa kwetu Karungu Jumamosi ijayo na ng'ombe wa mahari, amekaa kwenye kiti changu na koleo mkononi. Mezani palikuwa na pimamaji yangu ya shaba, ile waliyotumia wapima ardhi kabla hata babu hajaoa. Chini ya kioo kilichovunjika alikuwa ameweka kikombe.

Kikombe. Alijiandaa.

"Hii ni spiriti tu," aliniambia baada ya kunusa, kwa sauti ya mtu aliyetapeliwa.

Ouma na wenzake wana shimo la dhahabu huko Nyatike. Huko zebaki ndiyo inayonasa vumbi la dhahabu, na huko neno likisemwa kwa kunong'ona huaminiwa. Wenzake hao wamemwambia kwamba vyombo vya kale vya wazungu vina zebaki nyekundu ndani, na tone moja linanunua gari.

Nilikuwa nimemwonyesha pimamaji hiyo mara nyingi. Nilimweleza kwamba kiputo kinaelea ndani ya spiriti, si zebaki, na kwamba kikitulia katikati, chombo kimelala sawa. Alikuwa akiitikia kwa kichwa. Nilidhani ananisikiliza.

"Wenzako wanakusanya sufuria, wewe unakusanya vyuma vya wakoloni," huwa ananitania mbele ya marafiki zake. Nilikuwa nacheka nao. Vyuma hivyo nimevitafuta kwa miaka, vingine kwa wajane wa Homa Bay ambao waume zao waliwabebea wapima ardhi minyororo ya kupimia, na kila kimoja nimekisugua kwa mikono yangu. Sikumwomba avipende.

Kioo ningekisamehe.

Lakini nilipomwona akifuta meza harakaharaka, niliikumbuka dira. Mwezi uliopita niliikuta dira yangu kubwa imepasuka uso na sindano yake imepinda. Nililia. Nilijilaumu kwa kuiweka ukingoni mwa rafu. Ouma alinishika bega akasema, "Labda ni paka, nyar Karungu, binti wa Karungu. Usijiumize."

Jana nilimuuliza kama paka huyo alikuwa na koleo.

Alisema omena inaungua.

Asubuhi nilimpigia mama simu. "Nyathina, mwanangu," alisema, "kioo si jicho. Wanaume wote huvunja vitu." Huenda. Lakini si wote wanaokaa kando yako ukijilaumu kwa walichovunja wao, huku wakikupapasa bega. Nyumba ya namna hiyo naiogopa kuliko ninavyoogopa maneno ya watu wa Karungu, na maneno yatakuwepo.

Kwetu, ziara ya ng'ombe huzuiwa na msiba tu. Ndiyo maana nilipompigia mshenga wao baada ya ibada na kumwambia wasije, aliniuliza kwa upole ni nani aliyefariki.

"Hakuna, baba," nilimwambia. "Sote tuko wazima. Msije tu."