Bwawa Uliloliingia Likiwa Tupu

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa nyuma ya darasa, mahali ninapopapenda kwa sababu hakuna anayeniuliza kitu. Mwaka umepita tangu mto Ruaha Mdogo ukuchukue. Kuna jambo limetokea hapa Iringa ambalo wewe ndiye uliyestahili kuambiwa kwanza.

Unakumbuka ulipochimba bwawa la kuogelea la serikali, kule juu kwenye nyumba za wazungu? Ulirudi jioni una udongo mwekundu hadi kwenye nyusi, ukatusimulia kwamba Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya, amesema barazani kuwa bwawa lile ni la watu wote wa mji, maana linajengwa kwa kodi. Uliamini. Ulimwambia mama, "Humo ndani kuna kodi yangu. Siku moja nitakwenda kuiangalia." Lilipokamilika likazungushiwa uzio, akawekwa askari langoni, na watu wa mji wakawa wazungu peke yao.

Wewe walikurudisha kwa kazi nyingine. Kila Jumamosi, maji yakishatolewa, ulishuka kusugua sakafu kabla ya mapya kufunguliwa. Mara moja ulinichukua nikaone. Tulisimama upande wa kina kirefu, kuta zikatupita vichwa, ukaniambia nisiogope, hapo ndipo wanapozama wasiojua. Wenzako wakakutania kutoka juu kwamba mzee anaogelea kwa ufagio. Ulicheka kuliko wao. Nadhani uliingia bwawani mle mara nyingi kuliko mzungu yeyote, na hukuwahi kulowa kupita magoti.

Halafu ikaja masika ile. Ulikuwa unarudi kutoka shambani, kwenye kivuko ulichokijua tangu utoto, maji yakakuangusha. Ng'ambo walikuwepo wanaume saba, wenye nguvu wote, na hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Walikimbia ukingoni wakikuita jina. Ninalifikiria hilo kuliko hata kifo chenyewe. Kwetu watoto tunakatazwa mto ili tusizame, tunakua bila kuyajua maji, tunakuja kuzama tukiwa watu wazima.

Ndiyo maana mwalimu aliposema tunaweza kumwandikia Bwana Shauri ombi, niliandika mimi. Niliomba shule ipewe siku moja kwa wiki bwawani, tufundishwe. Unajua nilivyo. Nililisoma mbele ya Bwana Shauri mwenyewe nikitazama vidole vya miguu yangu. Jibu lilikuja baada ya majuma mengi: tumepewa Ijumaa jioni, siku ya mwisho kabla ya maji kutolewa, wazungu wakiwa wameshayaogelea wiki nzima.

Shule iligawanyika. Wakubwa wa darasa la nane walisema hawaendi, wakatuuliza sisi tuliosita kama tutachukua na sabuni, au povu la wazungu litatutosha. Niliona aibu, kwa sababu ombi lilikuwa langu. Tena nilihitaji ruhusa ya mama, ambaye tangu tukuzike hataki hata tuutaje mto. Nilimweleza yote, pamoja na uchafu wa maji. Nikuambie kweli, baba, nilitumaini atakataa, ili nisiwe mimi niliyekataa.

Alikuwa anapeta maharage. Alimalizia ungo uliokuwa mkononi. Kisha akasema, "Maji yaliyomchukua baba yako yalikuwa matope matupu. Nenda, mwanangu."

Nilikwenda. Tulikuwa wanne tu. Maji yalikuwa na ukijani, na baridi ya jioni ikatugonganisha meno. Mwalimu aliweka kiganja chini ya mgongo wangu akaniambia niuachie mwili. Sikuweza. Ijumaa ya pili sikuweza pia. Ya tatu nilimsikia akizungumza na mwenzangu mbali kidogo, ndipo nikajua kwamba ameshaniacha, nami ninaelea.

Mwezi ujao Bwana Shauri atakuja shuleni. Nitamshukuru kwanza, kama ulivyotulea. Halafu nitamwomba siku ya maji mapya, na nitamwomba isiwe ya wanafunzi peke yetu. Wale wanaume saba wana watoto, baba, na wengi wao hawasomi.

Mama hajambo. Pumzika huko uliko, nami nitasema nikiwa nimeinua uso.

Mwanao